Karatasi Chini ya Kopo la Sumu

Niseme la aibu kwanza, maana najijua: nikianza na vichekesho utanipenda, halafu nikifika kwenye lenyewe hutaniamini. Kila Alhamisi, kwa karibu mwaka mzima wa chuo, mzee mmoja aliniomba nimwangalizie kitu kwa macho yangu. Sikuangalia. Nilikuwa nainua kopo lake, nasoma namba aliyoiandika yeye kwenye kikaratasi, narudisha kopo, naandika namba ileile kama yangu. Nilidhani ananipa mtihani. Kumbe alikuwa anayapima macho yake mwenyewe, na mimi ndiye rula aliyoichagua. Leo yule mzee haoni.

Basi, umeshajua. Sasa naweza kukusimulia alivyokuwa.

Tulimwita Mzee wa Maabara. Mkufunzi wetu wa fizikia alikuwa mtu mwingine, kijana msafi, anakuja na kompyuta yake, anajaza kanuni ubaoni, anaondoka. Mzee alikuwa fundi wa maabara. Kwenye makaratasi ya ofisi kazi yake ilikuwa kutoa vifaa kabatini na kuvirudisha. Lakini ukitaka kujua umeme unapita wapi na mwanga unapinda wapi, ulikuwa unamwuliza yeye, na mkufunzi mwenyewe alikuwa anamwuliza yeye, ila kwa kunong'ona.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu, meza za saruji, stuli ndefu za mbao, na madirisha yanayoangalia ziwa. Mlangoni aliweka kopo tupu la maziwa ya unga. Ukiingia unatumbukiza ufutio wako humo, kama unavyovua kandambili ukifika kwa watu. Ukiuficha mfukoni anakujua.

"Humu hatufuti," alikuwa anasema. "Ukikosea piga mstari mmoja. Mmoja tu. Kosa lisomeke."

Kuna jamaa yetu mmoja alikosea akapiga mistari mpaka karatasi ikatoboka. Mzee akaichukua ile karatasi, akamwangalia jamaa kupitia tundu. "Huyu naye anaficha nini? Umeua mtu humu?"

Alikuwa na maneno yake kuhusu ile sindano ya ammita, ile inayoonyesha umeme umepita kiasi gani. "Sindano haina adabu," alisema. "Haijui baba yako ni nani. Ukiiuliza vizuri inakujibu, ukiiuliza vibaya inakujibu vilevile, wewe ndiye utajua ulichouliza."

Mimi niliiuliza vibaya siku ya kwanza kabisa. Ammita inatakiwa ikae kwenye njia moja na balbu, umeme upite humo kama mtu anayepita getini. Mimi nikaiunga moja kwa moja kwenye betri, huku na huku, bila balbu. Sindano ikaruka mpaka mwisho ikapinda, fyuzi ikalia *pa*, na harufu ikajaa chumba. Kila mtu anaangalia daftari lake kama anasoma wosia.

"Nani?" Mzee akauliza.

Mdomo wangu haujawahi kunitii. "Mimi, Mzee. Nilitaka kuona mwisho wake."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. "Umeuona?"

"Nimeuona."

"Andika."

Nikaandika: *Sindano ilifika mwisho ikapinda. Harufu kama ya nywele kwa kinyozi.* Akaisoma, yaani akamwambia mwenzangu aisome kwa sauti, akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo darasa likaniita Fyuzi, na Mzee akanihesabu kuwa mtu mkweli. Nilimsikia akimwambia mkufunzi: "Yule mrefu anasema anachokiona." Laiti mtu angemwambia kwamba mimi nilisema kwa sababu napenda watu wacheke. Ukweli ulipita hapo kwa bahati, kama abiria aliyekosea gari.

Ungemwona na kahawa yake. Kwao ni Kalinzi, kule juu kwenye baridi, na kahawa ya shambani kwao alikuwa haiachi. Kanuni ya maabara ilibandikwa ukutani kwa mwandiko wake: HAKUNA KULA WALA KUNYWA. Chini ya kanuni hiyohiyo alikuwa anachemsha kahawa kwa hita ya waya kwenye kopo la kioo, na kopo ameliandika kwa wino mwekundu: SUMU. Mkuu wa chuo akipita anamkuta Mzee anakunywa sumu taratibu, anaangalia ziwa.

"Mzee, hiyo si kahawa?"

"Ni jaribio la joto la umeme, Mkuu."

Yaani mtu huyohuyo anayekunyang'anya ufutio usidanganye hata namba moja, kopo lake lilikuwa linadanganya kila siku. Saa yake ya mkononi nayo ilikuwa mbele kwa robo saa, makusudi, na bado alikuwa anachelewa, halafu anatufokea sisi kwa saa ileile.

Alikuwa na miwani. Nilimwona nayo mara nyingi, mfukoni mwa koti jeupe. Usoni sikuiona. Ukimwuliza anasema hiyo ni ya kusomea barua za serikali. Kwenye vifaa alikuwa anasema, "Kijana, nisomee hapo, nataka nisikie sauti yako." Tukadhani ndiyo mbinu yake ya kufundisha. Mkufunzi naye akaisifia kwenye kikao, eti inamshirikisha mwanafunzi.

Na kulikuwa na habari ya Kongo.

Ukitaka kujua nguvu ya lensi kwa haraka, unaishika mbele ya karatasi nyeupe, unaielekeza kwenye kitu cha mbali, unaisogeza mpaka picha ya kile kitu itulie kwenye karatasi, kichwa chini miguu juu. Vyuo vingine wanatumia jengo la ng'ambo ya barabara. Mzee wetu alitaka milima ya Kongo, kule upande wa pili wa ziwa. Ukipata picha unaona mlima umening'inia kama popo, maji yako juu, na kama kuna boti nayo inaelea kichwa chini, na watu wake hawamwagiki. Mara ya kwanza nilipoiona nilipiga kelele kama mtoto.

Shida ni kwamba kiangazi, watu wakichoma mashamba, moshi unafunga ziwa na Kongo inapotea wiki nyingi. Basi Mzee akawa anaahirisha somo la lensi. Ratiba inasema lensi, yeye anatoa betri na waya.

Zainabu, binti wa Ujiji niliyekuwa nakaa naye meza moja, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Akamwuliza: "Mzee, kwani lile tangi la maji pale haliko mbali ya kutosha?"

"Linatosha," Mzee akasema.

"Sasa mbona tunaisubiri Kongo?"

"Utamwambia mjukuu wako kwamba uligeuza tangi la maji kichwa chini?"

Kila asubuhi ya somo aliingia akasimama katikati ya chumba, akauliza: "Kongo ipo?" Na mimi, kwa kuwa nimezaliwa na kiherehere, nilikuwa najibu kabla ya wote, bila hata kugeuza shingo: "Ipo, Mzee! Inakusalimia!" Watu wanacheka. Siku nyingine haipo kabisa, kweupe dirishani kama shuka, na mimi nimesema ipo, na yeye anaanza kugawa lensi mpaka Zainabu anamwambia, "Mzee, hakuna kitu huko, huyu mwongo."

Wanafunzi wa mwaka wa pili walituambia kwamba wao walipoingia, Mzee hakuwa anauliza. Alikuwa anaingia anatangaza mwenyewe: "Kongo ipo, toeni lensi." Tulilisikia hilo tukaliacha lipite.

Pale mjini alikuwa anakaa Buzebazeba, na miaka yote alikuwa anakuja kazini kwa baiskeli. Mwaka ule tulimkuta anaikokota. Anatembea nayo pembeni, mkono mmoja kwenye usukani, mwendo wote. Tukasema anaipeleka mnadani kama mbuzi. Humo maabara akaanza kugonga stuli. Anatoka kabatini na trei ya vifaa, *ko*, stuli ya kwanza, *ko*, ya pili, hasemi pole wala nini, anaendelea.

Sasa mimi nikakipata kipaji. Mapumziko, nilikuwa navaa koti jeupe la mtu, nabeba trei, napita katikati ya meza nikigonga stuli kwa magoti, huku nimekaza uso kama yeye. Darasa zima machozi. Siku moja niko katikati ya mchezo wangu, kicheko kikakatika. Kugeuka, Mzee yuko mlangoni.

Nikasimama na trei yangu. Nilitamani nibaki trei tu, mwenye trei aende zake.

"Endelea," akasema.

"Samahani, Mzee."

"Endelea. Ila umeiruka ya tatu. Ile karibu na sinki, hiyo siikosi."

Darasa likacheka upya, na mimi nikacheka kuliko wote kwa kuwa nimepona. Hakuna aliyejiuliza mtu anaijuaje kwa hesabu kila stuli anayoigonga, na bado anaigonga.

Alhamisi zilianza baada ya hapo, labda kwa sababu ya hapo. Aliniita jioni, wenzangu wakishatoka. Juu ya meza ya mwisho alikuwa ameweka ule ubao mrefu wenye rula, ambao unapanga juu yake balbu, lensi na kadi nyeupe. Mbele ya balbu kulikuwa na nyaya mbili nyembamba zilizopishana kama msalaba. Unaisogeza kadi mpaka picha ya msalaba ionekane kali, hapo unasoma rula.

"Mimi nimeshaiweka ninavyoona," akasema. "Namba yangu nimeiandika hapa." Akakunja kikaratasi, akakiweka chini ya kopo la SUMU. "Sasa nimeivuruga. Wewe iweke unavyoona wewe, uandike yako. Mimi nakaa barazani, nisije nikakuharibia jicho."

Sikumwuliza ya nini. Kwa mwanafunzi, mtu mzima akiandika namba akaificha, hiyo ni jibu, na wewe unatafutwa kama umelipata.

Ile Alhamisi ya kwanza niliangalia kweli. Kwa haki kabisa nilisogeza kadi mbele nyuma mpaka msalaba ukawa mkali kama umechongwa. Nikaandika. Akaingia, akafungua kikaratasi chake, akaniambia nisome zote mbili. Tulipishana sentimita moja na kitu. Uso wake ukaanguka. "Mmh," akasema. "Tutarudia wiki ijayo." Hakuniangalia. Nikaenda nyumbani najisikia nimefeli kwa mtu pekee pale chuoni aliyekuwa ananisifia kwa jambo lisilo la kuchekesha.

Alhamisi ya pili nikainua kopo.

Nikaipeleka kadi kwenye namba yake. Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi: picha haikuwa kali. Niliiona. Msalaba ulikuwa umevimba, una ukungu, kama unaangalia taa kwenye mvua. Macho yangu mwenyewe yakaniambia si hapa. Nikayaambia nyamazeni, Mzee ameandika hapa. Nikaandika.

Akaingia, nikamsomea. Sawa kwa sawa. Jamani, yule mzee alifurahi. Alicheka mpaka nikaona pengo la jino ambalo tangu nifike chuoni sijawahi kuliona. Akanimiminia sumu yake kwenye kikombe, tukakaa kwenye stuli, akanisimulia kahawa inavyovunwa kwao. Nilidhani amefurahi kwa ajili yangu. Ungekuwa wewe ungerudi kusema umechungulia? Mimi sikurudi. Alhamisi nyingine nikanywa tena, na nyingine tena.

Hata mjinga angejiuliza. Lensi ileile, balbu ileile, mahali palepale, na namba za Mzee zinatembea: leo hapa, wiki ijayo sentimita mbili mbele, halafu zinarudi. Yeye alijiuliza. Lakini kwa akili yake ya maabara alifikiri hivi: watu wawili wasioonana wakikubaliana, tatizo haliko kwa watu, liko kwenye kifaa. Akabadilisha balbu. Akakaza skrubu za ubao. Akagombana na ofisi wiki nzima eti wamnunulie ubao mwingine, huu umechoka. Ubao ulikuwa mzima kuliko sisi wote.

Kulikuwa na Alhamisi moja niliumwa malaria. Zainabu akafanya badala yangu. Yeye hakuinua kopo. Kwake kitu kilichofunikwa kimefunikwa. Akapata namba yake, wakapishana na Mzee karibu sentimita tatu. Nilipopona Mzee akaniita mbele ya Zainabu. "Wiki iliyopita mimi niliweka hapa, mwenzako akaweka pale. Hebu wewe." Akaandika kikaratasi kingine, akatoka na Zainabu barazani. Nikafanya kazi yangu ninayoijua. Sawa kwa sawa.

"Zainabu mwanangu," Mzee akasema, na alisema kwa upole, "una haraka. Piga mstari mmoja, andika ya mwenzako pembeni."

Akapiga mstari. Alinuna siku mbili. Baadaye akaenda kununua miwani, akidhani macho yake yana kasoro. Muuza miwani alimjaribisha zote, akamwambia dada hizi zote kwako ni sawa tu, chagua fremu.

Mimi sikuumaliza mwaka wa pili. Kwenye mtihani wa vitendo wa fizikia walinipa ubao, balbu na lensi, nikatafuta kopo la kuinua, hakuna kopo. Niliangalia ule msalaba nikaona uko mkali kila mahali na hauko mkali popote. Nilikuwa nimeshasahau kuamua. Nikafeli hilo, nikafeli na mengine yasiyohusu macho, nikarudi nyumbani. Sasa nina kibanda Gungu, natengeneza simu na kufunga sola. Watu wananiita fundi, na mimi naitika, kama Mkuu alivyokuwa anaitikia kahawa kuwa jaribio.

Mzee naye aliacha kazi. Nilisikia amestaafu, amerudi kwao. Nikasema vizuri, apumzike. Sikumtafuta.

Miaka ikapita. Juzi hapa dada mmoja akanipigia kutoka Kalinzi: taa za sola zinawaka dakika kumi zinakufa. Nikapanda bodaboda na begi langu. Nimefika, nimefungua kiboksi cha betri ukutani, nikafanya kama ninavyofanyaga: nikachukua waya mbili nikazigusanisha haraka kuona kama kuna cheche, zikalia *ta*.

Sauti ikatoka barazani. "Nani huyo anapima umeme kwa kugusanisha waya?"

"Fundi, baba," yule dada akajibu.

"Fundi gani. Huyo ni Fyuzi."

Nikaziachia waya. Nikatoka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo wa kahawa mapajani, anachambua punje kwa vidole. Mbovu huku, nzima huku. Uso ameuelekeza mbele, hauangalii ungo wala mimi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwakeye," akanisalimu na kwa Kiha. "Njoo ukae, usinigongee ungo." Akacheka mwenyewe. Halafu akamgeukia binti yake, kidogo amkose. "Huyu ndiye yule wa Alhamisi. Ndiye aliyekuwa ananipimia macho."

Nikauliza, "Kupima macho, Mzee?" Nilikuwa najaribu kutabasamu, kana kwamba angeona.

Dada ndiye aliyejibu, kwa furaha ya kumpata mtu wa zamani wa baba yake. "Wee kaka, tulipata shida na wewe! Tunamwambia baba twende hospitali, unagonga vitu, anatutolea daftari. Anasema macho yangu mazima, nina kijana mkweli napimana naye kila wiki, hatupishani. Tutasema nini? Tulipokuja kumpeleka, daktari akatuuliza mlikuwa wapi. Presha ya macho, ya siku nyingi. Akasema kilichoondoka hakirudi, ila mngewahi kidogo kingebaki kipande." Akainuka. "Ngoja nikuletee kahawa."

Nina utani wa kila mahali. Nimewahi kuwachekesha watu msibani. Pale nilitafuta neno nikakuta lile ambalo halichekeshi.

"Mzee," nikasema, "nilikuwa nachungulia."

"Unachungulia nini?"

"Karatasi. Chini ya kopo."

Vidole vyake vikasimama juu ya punje. "Zote?"

"Ile ya kwanza niliangalia mwenyewe. Zilizobaki zote nilichungulia."

Kuku alikuja akadonoa punje moja ungoni, hakumfukuza. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru. Alichouliza kilikuwa hiki:

"Ulipoweka kadi kwenye namba yangu, picha ilikuwaje?"

"Ilikuwa na ukungu, Mzee."

"Ukungu kiasi gani? Nyaya mbili zilikuwa zinaonekana, au ilikuwa doa tu?"

"Sikumbuki."

"Kali yenyewe ilikuwa wapi? Ulisogeza uone?"

"Sikusogeza."

"Ya kwanza, uliyoangalia, ulipata ngapi?"

"Sikumbuki, Mzee. Naapa sikumbuki. Niliikata nikaandika nyingine, na daftari nililifungia maandazi mama alipokuwa anauza."

Akashusha pumzi. "Mimi najua nimepotea," akasema. "Hilo nalijua, nakaa nalo. Nilitaka kujua nilianza lini, na kwa kiasi gani. Daftari langu lote ni namba zangu mara mbili."

Binti yake akaleta kahawa. Tukanywa. Ilikuwa ileile, na sikuweza kuimaliza. Nikarudi kwenye sola, nikakuta waya mmoja umeoza, nikaukata, nikaunga mwingine. Safari hii nilipima kwa mita. Nilipoaga, Mzee akaniita.

"Kongo ipo?"

Mdomo ukataka kusema ipo, inakusalimia. Nikaufunga. Nikazunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye tuta, mahali ambapo ziwa linaonekana kipande. Nikasimama hapo muda mrefu, mwenye bodaboda akaanza kupiga honi. Nikarudi.

"Kuna moshi, Mzee. Maji nayaona. Nyuma yake kuna kitu kama mstari wa mlima. Sina hakika kama ni mlima au ni wingu."

"Andika hivyohivyo," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Sikwenda nyumbani. Nilimwambia bodaboda anishushe kwa Zainabu. Anafundisha fizikia sekondari moja hapa Gungu, na bado anavaa ile miwani isiyo na kazi, anasema wanafunzi wanamwogopa zaidi akiwa nayo. Nilimkuta uani anasahihisha madaftari. Nikamsimulia yote, kopo, karatasi, stuli, maswali ya Mzee, na kwamba yeye hakuwa na haraka siku ile, ni mimi. Nilimaliza nikiwa naangalia kandambili zangu.

Akaingia ndani. Nikajua ameenda kutafuta mwiko. Akarudi na daftari la maabara la chuo, jalada limeliwa na mende, akalipekua mpaka ukurasa mmoja, akanigeuzia. Tarehe iko juu. Chini yake namba, imepigwa mstari mmoja, mmoja tu, na pembeni yake namba yangu ya uongo, yaani ya Mzee mwenyewe.

"Thelathini na moja nukta nne," Zainabu akasema, kidole kwenye ile iliyokatwa. "Alitaka kosa lisomeke, si ndiyo? Linasomeka. Jumamosi tunapanda wote Kalinzi. Utamsomea wewe, Fyuzi, kwa sauti. Na mimi nitakaa hapohapo pembeni yako, niangalie kama unasoma kilichoandikwa."